Gundi ya Baba na Glasi ya Jumamosi

Karakana, 4 Februari

Mdogo wangu Kibiriti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama mafua yako ya kila mwaka yameshaanza, basi inakukuta na kitambaa mkononi. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeandika kwamba anakusalimu. Binti yetu amehitimu ukunga na sasa anatutazama mimi na mama yake kama watu waliozalishwa ovyo. Paa la karakana limezibwa. Mashine ya kukatia karatasi ni ile ile aliyoiacha Baba, bado inalia kama mbuzi, na mimi bado naitukana kila asubuhi kabla ya chai.

Najua utashangaa kuona barua ndefu. Miaka sita hii tumetumiana kadi za mwisho wa mwaka tu, na kadi zetu zimekuwa na maneno machache kuliko tiketi ya basi. Sasa nina jambo, na katika ukoo mzima wewe ndiye pekee unayelijua kwa vyeti.

Ni hivi. Tangu mwaka jana tumbo limenigeuka. Kila ninachokula kinapita bila kupiga hodi. Mkanda wa suruali nimeutoboa matundu matatu mapya kwa msumari wa kushonea vitabu. Wifi yako akanipeleka kwa daktari, na nasema akanipeleka kwa sababu mwenyewe nilikuwa nimeamua kufa kwa heshima. Daktari ni mwanamke kijana asiye na utani. Alinitoa damu, akaniteremshia mrija wenye taa kooni, halafu akanipa jina la ugonjwa: seliaki. Maana yake utumbo wangu haupatani na gluteni. Nikauliza gluteni ni nini. Akasema ni kitu kilichomo kwenye ngano, shayiri na jamaa zao, nacho ndicho kinachosaidia unga wa ngano unate. Nikamwambia, daktari, kama yupo mtu mjini hapa anayejua unga wa ngano unavyonata ni mimi. Miaka thelathini najalidi vitabu kwa gundi ya unga wa ngano ninayoipika kwa mkono wangu. Hakucheka. Alisema mkate basi, keki basi, biskuti basi, tambi basi, bia basi. Maisha yote.

Mkate nimeuaga. Bia hatukuwahi kuwa marafiki. Lakini unaijua Jumamosi. Saa tisa alasiri nafunga karakana, Fundi Saa wa duka la pili anafunga lake, tunakaa kwenye benchi la kubania vitabu na kunywa glasi moja moja ya pombe kali, moja tu, huku tukisema watu. Ni starehe yangu pekee isiyohitaji ruhusa ya wifi yako. Nilipomuuliza daktari alisema pombe kali nyingi zinafaa, nyingine nizichunguze, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Wewe una miaka ishirini kwenye maabara ya kiwanda cha pombe kali. Niambie ninywe nini. Nisichoomba ni hotuba.

Kaka yako,
Jalada

*

Maabara, 27 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua imefika. Bahasha ulikuwa umeifunga kwa gundi nyingi mno, nimeifungua kwa wembe. Nafurahi kusikia wifi hajambo na mwanangu mkunga amemaliza. Mwambie shangazi yake anasema asiwatazame hivyo, hamkuchagua. Mafua ninayo. Shemeji yako amestaafu na ameanza kumfundisha mbwa wa jirani kukaa. Mbwa hakai.

Pole kwa ugonjwa. Nimeshangaa kwamba wewe, kati ya watu wote, unaniuliza mimi habari za pombe. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili, kisha nimeamua kujibu ulichouliza na kuishia hapo.

Pombe kali huanza kama uji uliochacha. Uji ukichemshwa mtamboni, kileo hupanda na mvuke, hupozwa, hudondoka upande wa pili. Gluteni haiwezi safari hiyo. Inabaki chini na makapi. Kwa hiyo hata wiski ya shayiri au vodka ya ngano, ikishapita mtamboni vizuri na isiongezwe kitu, haitakuwa na gluteni ya kukudhuru. Ukitaka kutulia kabisa, chukua ile ambayo haikukutana na nafaka hizo tangu mwanzo: vodka ya viazi, ramu ya miwa, brandi ya zabibu, au tekila, inayotokana na mmea wa jamii ya mkonge. Cha kuogopa ni kinachotiwa baadaye: krimu, rangi, ladha ya biskuti na mambo ya namna hiyo. Pombe tamu zenye vionjo soma lebo yote, na lebo isiposema kitu, rudisha chupa rafuni. Bia na vinywaji vya kimea usiguse. Hivyo havikupita kwenye mvuke.

Tena muulize daktari kama utumbo uliojeruhiwa unaruhusiwa pombe yoyote kwa sasa. Hiyo si hotuba, ni swali.

Mdogo wako

*

Karakana, 30 Machi

Kibiriti, marahaba.

Mbwa ameshakaa? Fundi Saa anauliza kila siku. Nilimsomea sehemu hiyo na sasa ana wasiwasi na mbwa kuliko na mimi. Wifi yako ameficha ngano yote ya nyumbani kama mtu anayeficha bangi. Tunakula wali, viazi, mahindi na samaki, na kila mlo ananitazama nikitafuna kama msimamizi wa mtihani. Daktari nilimuuliza swali lako. Alisema glasi moja kwa wiki haitaniua, lakini alilisema kwa namna ya kunionea aibu.

Nimefanya utafiti kama ulivyoelekeza, aina moja kila Jumamosi. Vodka ya viazi ni maji yaliyotishwa. Tulikunywa, tukatazamana, Fundi Saa akaniuliza kama nimeshamimina. Ramu ilikwenda vizuri mpaka Fundi Saa alipoanza kuimba, na unajua anatengeneza saa kwa sababu hana sikio la kitu kingine. Brandi ilitufanya tuongee kama mawakili. Tekila tulikunywa kimya, wima, kama watu wanaotia sahihi.

Sasa matokeo. Kibiriti, zote zinanidhuru. Zote nne, na kwa mtindo mmoja. Jumapili naamka na nafuu, naweza hata kufunga kamba za viatu bila kupumzika. Jumatatu mchana tumbo linaanza kuunguruma, jioni nimekwisha, Jumanne ndiyo usiulize. Nimekaa nikapiga hesabu: pombe ya Jumamosi inachukua siku mbili kunifikia. Pengine inasafiri polepole kwa sababu ya umri wangu.

Kwa hiyo utaalamu wako, kwa heshima zote, una tundu mahali. Niandikie haraka. Nimebakiwa na jin tu, na Fundi Saa anasema inanuka kama dawa ya kusafishia sakafu za wakubwa.

Jalada

*

Maabara, 15 Aprili

Kaka, shikamoo.

Mbwa hakai. Shemeji yako sasa anakaa yeye ili mbwa aone mfano.

Pombe haisafiri kwa posta. Kilichokuumiza Jumatatu mchana, kitafute Jumatatu asubuhi. Viazi, miwa, zabibu na mkonge havina undugu wowote, haviwezi kula njama dhidi yako. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na kila chupa inayotoka humu imepita mezani kwangu, kwa hiyo utaniwia radhi nikisema tundu haliko kwangu.

Nataka uniandikie kwa wiki nzima kila kitu kinachoingia mdomoni mwako. Usiniandikie vyakula tu. Nimesema kila kitu. Nakujua.

Mdogo wako

*

Karakana, 11 Mei

Kibiriti, marahaba.

Tumezeeka: leo wifi yako amenipigia makofi kwa kumaliza ngazi. Yeye mzima. Binti yetu ananipima kila Ijumaa kwa mizani ya wajawazito na kuandika kwenye kadi ya kliniki. Nimepungua kilo tisa tangu mwaka jana, na kwenye nafasi ya umri wa mimba ameandika "haijulikani".

Hii hapa wiki yangu, kama polisi walivyoagiza. Jumatatu asubuhi chai ya rangi, ndizi mbili, viazi vya kuchemsha. Nikaenda karakana, nikapika gundi ya wiki. Mchana wali na samaki. Alasiri maji tu, maana hali ilikuwa imeshaharibika. Jumanne uji wa mchele, dawa ya tumbo vidonge viwili, nikajalidi daftari za shule ya sekondari. Jumatano yai, viazi, chai. Stempu nne nilizilamba, naziandika kwa kuwa umesema kila kitu. Penseli niliitafuna upande wa nyuma. Gundi ilianza kuwa nyepesi nikaipasha moto upya. Mchana maharage. Alhamisi kama Jumatano ukiondoa stempu. Ijumaa samaki, na nzi mmoja kwa bahati mbaya. Jumamosi wali, papai, na pombe sikunywa. Ndiyo, umesoma vizuri. Wiki ya tatu sasa sinywi. Namwangalia Fundi Saa akinywa peke yake na kunitazama kama mfiwa. Jumapili nafuu. Jumatatu yake, kaburini tena.

Kwa hiyo hata bila pombe naumwa, na ukiniuliza mimi sielewi. Wiki iliyopita nilishindwa kuzungusha usukani wa mashine ya kubania. Aliuzungusha mteja, mwalimu wa kike, akanishukuru kwa mazoezi.

Samahani kwa doa hapo juu. Ni gundi. Naandikia kwenye benchi la kazi na sufuria iko karibu.

Jalada

*

Maabara, 2 Juni

Kaka, shikamoo.

Salamu za shemeji yako zitangulie. Mbwa amehama.

Nina mambo mawili.

La kwanza ni la kazi. Kwenye ukurasa wa pili umekata mstari, lakini wino wa kukatia ni mwepesi kuliko wa kuandikia. Niliweka karatasi dirishani, nikasoma: "Labda damu yetu na pombe haziivi, kama ilivyokuwa kwa Baba." Nilikaa na karatasi hiyo mkononi kitambo, mpaka kidole kikagusa doa lako. Ndipo nikainuka. Hapa maabara tunavyo vijiti vya kupimia gluteni. Tunavitumia kwa zile pombe tamu kabla hazijabandikwa lebo. Nilikwangua gundi ya bahasha zako zote tatu, nikailoweka, nikapima. Vijiti vyote vimewaka kwa haraka ambayo sijaiona tangu niajiriwe. Umekuwa ukiniletea jibu kwa mkono wako tangu mwezi wa pili, nami nalikata kwa wembe na kulitupa kando.

Jumatatu unapika gundi. Kaka, bado unaionja?

Nauliza lakini nakumbuka. Baba alitufundisha wote wawili kwenye sufuria ile ile. Unachota kwa ncha ya kijiti, unapuliza, unaweka ulimini. Ukisikia unga mbichi unarudisha motoni, usiposikia imeiva. Mara nane, mara kumi kwa sufuria moja. Tena unaonja kila ukiipasha moto upya. Stempu umeziandika. Nzi umemwandika. Gundi hukuiandika.

La pili. Siku ya msiba wa Baba, mbele ya watu waliokuja na viti vyao, ulisema: "Chupa zako ndizo zilizommaliza." Nilichukua mkoba wangu nikaondoka. Baba alikonda miaka mitatu, tumbo halikai na kitu, mkanda unatobolewa kwa msumari wa kushonea vitabu. Na yeye alionja gundi miaka arobaini.

Sisemi Baba aliuawa na gundi. Siwezi kumpima marehemu. Nasema hatujui, na wewe ulisema kama unayejua.

Mdogo wako

*

Maabara, 20 Julai

Kaka, shikamoo.

Kadi hii ni ya kuuliza tu kama u mzima. Huna haja ya kujibu mengine. Ukiwa umeacha kuonja na umepona, andika "nimepona". Ukiwa hujaacha, mpe wifi kalamu.

Mdogo wako

*

Karakana, 29 Agosti

Kibiriti, mdogo wangu, marahaba.

Wifi yako mzima, binti yetu amezalisha mapacha juma lililopita na anatembea kama yeye ndiye aliyewaumba. Fundi Saa amempa pole shemeji yako kuhusu mbwa. Hizo ndizo salamu. Najua ni fupi. Ningeweza kuzirefusha mpaka ukurasa wa tatu, na nilijaribu. Nimechana barua nne ambazo hazikuwa na kitu isipokuwa salamu.

Barua yako ya mwezi wa sita iliniudhi. Nilimsomea wifi yako nikitegemea aungane nami. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda jikoni, akarudi, akasema, "Kwani hukumwambia kwamba unaonja?" Nikamwambia gundi si chakula, ni kazi. Akasema ulimi haujui tofauti. Nikatoka nje.

Niliacha kuonja kwa nia mbaya. Nataka ulijue hilo usije ukanisifu. Nilisema nitaacha wiki mbili, nikiendelea kuumwa nitakuandikia barua ya kukuweka mahali pako. Nilikuwa nimeshaitunga kichwani, ilikuwa na maneno mazito. Jumatatu ya kwanza nikapika gundi kwa kukisia, kama mtu anayeendesha gari amefumba macho. Ilitoka mbichi. Rejista ya ndoa niliyoijalidi iliachana na jalada lake mikononi mwa karani, mbele ya bwana na bibi harusi. Jumatatu ya pili gundi iliungua. Na mimi, Kibiriti, Jumanne ile nikaamka na njaa. Njaa ya kweli, ya mvulana. Nikakaa kitandani nikaona haya.

Kwa hiyo barua ya kukuweka mahali pako nimeikosa. Nina hii.

Daktari yule asiye na utani aliniuliza siku ya kwanza, baba yako alifariki kwa nini? Nikajibu, pombe. Sikumeza hata mate. Aliandika. Halafu akasema ugonjwa huu unatembea katika damu, ninao ndugu? Nikasema ninaye dada mmoja. Akasema mwandikie apimwe. Hiyo ilikuwa mwezi wa kwanza. Barua yangu ya kwanza kwako ilikuwa kwa ajili hiyo, nikaishia kukuuliza habari za vodka. Ilikuwa rahisi zaidi. Kukuambia upimwe kungeleta habari ya Baba mezani, na mezani kwangu nilikuwa nimeshaipangia kiti chake.

Unajua Baba alikunywa kiasi gani? Glasi moja, Jumamosi, kwenye benchi hili hili. Unajua nimejuaje? Mimi ndiye niliyekuwa namimina. Chupa uliyomletea likizo moja ilikuwa haijaisha unaporudi likizo nyingine. Nilijua hivyo siku ya msiba, niliposimama mbele ya viti vya watu. Lakini nilikuwa nimemtazama akipungua miaka mitatu bila kufanya lolote isipokuwa kumtobolea mkanda, na nilihitaji kuwe na mtu aliyekuwa na kosa, awe mbali, na asiwe mimi. Wewe ulikuwa na mkoba wa safari. Ulinifaa.

Sikupaswa kusema vile. Nimeyaandika maneno hayo kwa wino mzito, usijisumbue kwenda dirishani.

Kupimwa, tafadhali nenda ukapimwe.

Kuna jambo moja la mwisho. Chupa uliyomletea likizo yako ya mwisho hakuifungua. Niliificha siku ya msiba nyuma ya ngozi za kujalidia, sikuweza kuinywa wala kuimwaga. Leo nimeitoa nikaifuta vumbi. Ni wiski, lebo inasema ya shayiri. Nimeisimamisha kwenye benchi. Fundi Saa anaizunguka kwa adabu. Je, hiyo ninaweza kuinywa?

Jalada

*

Maabara, 17 Septemba

Kaka, shikamoo.

Nilisoma barua yako kazini, kosa langu. Ilinibidi niwaambie watu ni mafua.

Nimepimwa. Majibu yangu ni safi. Siku hiyo hiyo nilikula mkate mzima kwa niaba yako, nikaujutia, lakini kwa sababu nyingine. Daktari wa huku amesema nirudie baada ya miaka michache kwa kuwa jambo hili huweza kuchelewa. Nitarudia.

Ulichoandika kwa wino mzito nimekisoma. Sitakijibu kwa barua. Nilitunga jibu miaka sita, lilikuwa zuri sana, lina sehemu tatu. Sasa nikilitafuta silioni.

Kuhusu gundi: ningekuwa wewe nisingekula vumbi la unga huo tena hata kwa pua. Pika ya wanga wa mahindi. Haishiki kama ya Baba, nakiri, lakini wewe utashika.

Kuhusu chupa. Itazame nyuma, chini ya lebo, utaona namba saba na herufi ndogo mbili. Namba ni ya pipa. Herufi ni zangu. Hiyo ni wiski ya kwanza niliyoipitisha kwa sahihi yangu nilipopandishwa kazi, ndiyo maana nilimletea Baba. Ni shayiri, imepita mtamboni mara mbili, imekaa kwenye pipa la mti miaka minane, haikutiwa kitu. Kwa kipimo haina gluteni. Lakini subiri daktari wako aseme utumbo umepona, halafu mwulize kwa jina la kinywaji. Akisema hapana, utanusa.

Najua umeshaiogopa wiski yoyote. Ukiiogopa hii sitakulaumu. Nakwambia tu kwamba niliipima mwenyewe.

Nina likizo kuanzia tarehe kumi mwezi ujao. Jumamosi ni ya kumi na mbili. Sijaamua.

Kibiriti

*

Karakana, 3 Oktoba

Kibiriti, marahaba.

Wifi yako anakusalimu na ameanza kufua mapazia kwa ajili ya mtu ambaye hajaamua. Binti yetu amenipima Ijumaa: nimeongezeka kilo nne, na kwenye nafasi ya umri wa mimba sasa ameandika "wiki kumi na nne, anaendelea vizuri".

Daktari ameona vipimo vipya. Alisema vinatia moyo, na alitabasamu kidogo, nadhani kwa bahati mbaya. Nikamwuliza habari ya wiski. Akasema ikiwa haina vionjo, glasi moja, ruhusa. Nikamwomba pia afungue faili langu la siku ya kwanza, pale penye sababu ya kifo cha Baba. Akauliza aandike nini. Nikasema aandike hatujui. Akakata, akaandika.

Chupa nimeitazama nyuma. Herufi zako ni mbaya kama zilivyokuwa shuleni. Nimeisimamisha kwenye benchi, imetazama mlango. Sitaifungua. Kama kuna mtu aliyeipima mwenyewe, basi na aifungue mwenyewe, nami nitakunywa bila kusoma lebo. Fundi Saa ameuliza kama na yeye amealikwa. Nimemwambia Jumamosi ya tarehe kumi na mbili karakana ina glasi mbili tu. Amesema ataleta yake.

Bahasha hii nimeifunga kwa gundi ya wanga wa mahindi, sufuria ya sita. Tano za kwanza zimekwenda jalalani. Sikuionja, nimekaa nayo nusu saa nikiikodolea macho tu. Ikiwa imekufikia imefunguka, usidhani kuna aliyeisoma njiani. Na ikiwa imekufikia imefungwa, usiikate kwa wembe wako. Ibandue taratibu kwa ukucha, uone imeshika kiasi gani, halafu njoo nayo uniambie, maana mimi sina tena njia ya kujua.

Kaka yako,
Jalada